Kibali cha Bi Salha

Nyie mlioajiriwa juzi mmeniomba nije niwaeleze mambo ya vibali vya michango. Mnasema mwongozo mmeusoma wote na bado hamjui mfanye nini mtu akisimama mbele ya meza yenu na barua mkononi. Kuja siwezi, magoti yangu hayataki tena ngazi za pale ofisini, kwa hiyo nimeona niwaandikie. Mtanivumilia nikiruka huku na kule. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, kwanza upande wa Kinondoni na baadaye Temeke, na mambo hayanijii kwa mpangilio. Ofisi zenyewe sizitaji. Walionikosea wengine bado wapo kazini, na niliyemkosea mie ndiye hasa ninayetaka mumjue.

Kwanza kazi yenyewe. Mtu akitaka kupita mitaani au nyumba kwa nyumba kuomba watu wachangie jambo, liwe paa la kanisa, madrasa, mgonjwa au yatima, anatakiwa awe na kibali. Anaandika barua, inapita serikali ya mtaa, anaeleza yeye ni nani, anachangisha kwa ajili ya nini, eneo gani, kuanzia lini mpaka lini, na akimaliza alete taarifa. Afisa maendeleo ya jamii anaipokea, anachunguza, anapendekeza, wakubwa wanasaini. Mwisho wake ni karatasi moja yenye mhuri. Lakini mama wa Mabibo aliyegongewa mlango saa nne asubuhi, mikono imejaa unga, hana kitu kingine cha kumwambia kama huyu mgeni mlangoni ni mtu wa kweli au mwongo. Anaitazama ile karatasi, basi.

Aliyenifundisha kuiheshimu ile karatasi ni Mzee Kitwana. Nilimkuta ofisini nikiwa binti mgeni wa mji, nimetoka kwetu Masasi na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Alikuwa mwembamba, anavaa kandambili ofisini na viatu akitoka, na alikuwa anatoka kila siku. Barua ikiletwa leo, yeye haiwekei hata alama ya kalamu mpaka ameenda kwa miguu yake mpaka kwa mwombaji.

"Felista," aliniambia siku ya kwanza tunaenda kukagua kituo cha watoto, "ukifika usiwaulize wana watoto wangapi. Omba maji ya kunywa, kisha mfuate anayeenda kuyachota."

Ndivyo alivyokuwa anaingia majikoni. Anasimama na kikombe chake, anakunywa taratibu kama ana kiu kweli, huku anaangalia sufuria. Kituo kinaandika watoto arobaini halafu sufuria ya wali ni ya kulisha watu sita, hapo anarudisha kikombe, anashukuru, anaaga. Anaangalia kamba ya nguo uani. Anaangalia miswaki. Alikuwa anasema mtoto unaweza kumwazima kwa jirani ukapiga naye picha, lakini hakuna jirani anayekuazima mswaki. Yashikeni hayo, hamtayakuta kwenye mwongozo.

Alikuwa na vichekesho vyake pia. Wakati mmoja kikundi cha kwaya kiliomba kuchangisha Sinza, na kwa kuwa Sinza baa zimepangana, wakaona heri waanzie huko, mchana, walevi wakiwa na moyo mkunjufu. Mzee Kitwana akakataa baa zote. Wale wanakwaya wakaona ni kwa sababu yeye ni Mwislamu. Mie mwenyewe niliona hivyo, nikawaonea huruma, na siku yeye alipokuwa hayupo nikawapendekezea waruhusiwe baa mbili tu. Kibali kikasainiwa, wakachangisha, na kesho yake asubuhi tumefungua ofisi, mwanamume mmoja amekaa kwenye benchi, macho mekundu, anasema amekuja kuchukua hela yake. "Mie sikuchangia," anasema. "Aliyechangia ni pombe." Mzee Kitwana alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia akasema, "Huyu ni wako." Nilishinda naye mpaka adhuhuri.

Kosa hilo tulilicheka miaka. La Wazo hatukulicheka.

Mzee Kitwana alikuwa amekaribia kustaafu, miguu inamsumbua, nami nimeshakuwa mtu wa kuaminiwa. Akaja bwana mmoja, suti safi, sauti ya upole, anaomba kibali kwa ajili ya kituo cha yatima kule Wazo, nyuma ya kiwanda cha saruji. Karatasi zake zilikuwa kamili kuliko za mtu yeyote niliyewahi kumhudumia: katiba, muhtasari wa kikao, barua ya mtaa, picha za watoto wamevaa sare. Wazo ni mbali, jua lilikuwa kali, na meza yangu ilikuwa imejaa. Nikapendekeza bila kwenda.

Walichangisha wiki sita. Aliyetufumbua macho ni mwalimu mmoja wa kike wa Mabibo aliyekusanya vitu darasani kwake, nguo na madaftari na sabuni, akaamua kuvipeleka mwenyewe. Alikuta chumba kimoja cha kupanga, kimefungwa, na kibao kilichopakwa rangi juzi. Wale watoto wa kwenye picha walikuwa wa majirani. Alikuja ofisini, akaniwekea mezani nakala ya kibali, akaniuliza, "Hii sahihi ya kupendekeza ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba hajui atawaambia nini wanafunzi wake, akakaa pale analia kimya, na mie sikujua niweke wapi mikono yangu.

Tangu hapo nikawa mkali. Nilipohamishiwa Temeke nilifika na ukali wangu, na watu wakaupenda. Mtendaji alinisifu vikaoni. Nataka mnielewe vizuri hapa: ukali ule ulikuwa wa haki, ila nilikuwa nautumia kwa karatasi tu. Mtu mwenye karatasi nzuri nilimwogopa, na asiye na karatasi nilimwona mwizi. Kwenda nyumbani kwa mtu, kama alivyonifundisha mzee wangu, nilikuwa nimeacha zamani.

Bi Salha nilikutana naye Tandika. Kulikuwa na malalamiko ya matapeli wa michango, tukaambiwa tupite mitaani tukague. Mie nilikuwa na mgambo mmoja, Shabani, mtu mwema asiyesema sana. Yapata saa nne asubuhi tukafika kwenye baraza moja ndefu ya mafundi cherehani, kama sita hivi, na wateja wao. Mbele yao amesimama bibi mmoja mwenye asili ya Kiarabu, mwili mdogo, amejifunga buibui ya zamani iliyopauka, na mkononi ana kapu la ukili limefunikwa kanga. Fundi mmoja alikuwa anamtilia humo kibunda cha uzi mweupe.

"Shikamoo bibi," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Na nyie mnatia chochote?"

Mafundi wakacheka. Kicheko chao hakikuwa kibaya, lakini mie niliona ninachekwa.

"Bibi, una kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuchangisha. Unapita kwa watu unaomba, unatakiwa uwe na kibali."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kama tumewahi kuonana. "Mie napita hapa toka marehemu mume wangu yu hai," akasema. "Mtaa mzima wananijua."

"Mtaa kukujua si kibali, bibi."

Nililisema kwa sauti, makusudi, na mafundi wajifunze. Nakumbuka hata nililifurahia lile jibu langu. Cherehani zilikuwa zimenyamaza.

Bi Salha akanisogelea, akateremsha sauti. "Mwanangu, twende nyumbani basi. Ni hapo tu, nyuma ya msikiti. Ukae, unywe maji, nikueleze kila kitu."

"Tutaelezana ofisini," nikasema. Nikamwambia Shabani achukue kapu.

Shabani alisita. Ilibidi nimwambie mara ya pili. Alipolishika kapu, kanga ikateleza na vitu vikaonekana: miche ya sabuni, pakiti ya pamba, uzi, sukari kidogo, noti ndogondogo zimekunjwa. Bi Salha aliinama akaiokota kanga yake, akaikung'uta, akatufuata. Tulipita mtaa mzima hivyo, mie mbele, mgambo na kapu katikati, na bibi nyuma yetu. Fundi mmoja alikuwa ameshika simu. Sikumjali.

Ofisini nikampa fomu. Kwa kuwa kusoma maandishi yetu hawezi, yeye alisoma chuo cha Kurani tu, nikawa namsomea mie na kumjazia. Tulifika kwenye majina ya wanufaika.

"Wanaosaidiwa ni kina nani, bibi?"

"Maiti," akasema.

Nikaacha kuandika. Akanieleza kwamba anakusanya vitu vya kuzikia watu waliokufa bila ndugu hapa mjini. Wapangaji, wapagazi wa sokoni, watumishi wa majumbani. Sanda, sabuni ya kuoshea, pamba, kafuri, na kama ni Mkristo basi mbao za sanduku kutoka kwa mafundi wa Keko.

"Hapa wanataka na sahihi zao," nikasema, maana fomu ilitaka kweli.

Bi Salha alitabasamu kidogo. "Hizo mwanangu sitazipata."

Nilimwambia pia kwamba mtu mmoja hapewi kibali, sharti liwe kundi lenye viongozi na anwani. Akasema ameelewa. Kapu lake nilimrudishia kesho yake pamoja na vyote vilivyokuwemo, tukaandikishana, nikaona nimefanya kazi yangu kwa ukamilifu.

Siku ya tatu Shabani akanionyesha simu yake. Ilikuwa picha yetu pale barazani: Bi Salha ameinama kuokota kanga, Shabani na kapu, mie nimenyoosha kidole. Iko kwenye grupu la mtaa. Chini mtu ameandika: Tahadhari, matapeli wa michango siku hizi wanatumia vikongwe, huyu amekamatwa leo Tandika. Na chini yake wengine. Kumbe miaka yote hii anakula hela za maiti. Mie nilimtilia shaka zamani. Hao Waarabu ndivyo walivyo, wana maduka halafu wanaomba.

"Mama," Shabani akasema, "yule bibi ndiye aliyemzika baba yangu mdogo."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda Tandika peke yangu, nyuma ya msikiti, nyumba ya bati lililopauka yenye chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa duka. Nikaomba maji ya kunywa. Kwa kweli nilikuwa na kiu, lakini nadhani pia mguu ulikuwa umekumbuka njia yake ya zamani. Rafu za duka zilikuwa tupu isipokuwa moja. Kwenye hiyo moja kulikuwa na jora la kitambaa cheupe limefungwa kwa nailoni, pakiti za kafuri, na pamba.

Alinieleza. Baba yake alikuwa muuza vitambaa. Mtu akifa kwenye vyumba vya kupanga na ndugu zake wako mbali, majirani walikuwa wanakuja pale dukani kuomba kitambaa, na baba hakumrudisha mtu. Akaja mumewe, naye vilevile. Kisha mume akafa, biashara ikafa, lakini watu wakawa bado wanakuja mlangoni mtu akifa, kwa mazoea. "Ningewaambia nini," aliniuliza. "Sina cha kutoa. Nikachukua kapu." Kama maiti ni mwanamke alimwosha mwenyewe. Mwanamume aliwaita wa msikitini. Akanitajia aliowazika, mmoja mmoja, kama mtu anavyotaja wajukuu. Kulikuwa na fundi saa kutoka Lindi. Kulikuwa na binti wa kazi aliyeitwa Tausi, ambaye mabosi wake hawakulijua jina la baba yake. Kulikuwa na Yohana, aliyekuwa anachonga vinyago Mwenge, mtu wa kwetu kabisa kusini, na yeye Bi Salha alienda kanisani kumtafutia mchungaji, akasimama nje mpaka ibada ikaisha.

Ile picha hakuwa ameiona, hana simu ya namna hiyo. Lakini alijua. "Jana nilipita kwa Mama Zuhura," akasema, "akanitilia sabuni bila kunitazama usoni."

Jioni nikampigia Mzee Kitwana. Alikuwa amestaafu, anaishi kwa binti yake Sinza, na sauti yake imekuwa nyembamba. Nikamweleza yote. Nilitegemea ataniambia sheria ni sheria.

"Kumwuliza kibali ni haki yako," akasema. "Ulimwulizia wapi?"

"Barazani. Kwa mafundi."

"Rudi kwa hao mafundi," akasema, "uwaambie na wao."

Nilirudi. Nilisimama pale pale nikawaambia kwamba nilikosea namna ya kumwuliza yule bibi, kwamba nimefika kwake na nimejiridhisha, si tapeli. Walinisikiliza kwa adabu. "Sawa afisa," wakasema. Yule mwenye simu akaniambia picha ameshaifuta, na akanionyesha kwamba kweli haipo. Nadhani alikuwa anasema kweli. Ila kwenye simu za wengine ilikuwepo, na iliendelea kwenda, Mtoni, Mbagala, sijui wapi.

Basi nikaona njia ya kumrudishia heshima yake ni kibali. Nililishughulikia ombi lile kuliko lolote la maisha yangu ya kazi. Niliwaomba imamu wa pale na mzee mmoja wa kanisa wakubali kuwa viongozi pamoja naye, kikawa kikundi. Kwenye wanufaika tukaandika "marehemu wasio na ndugu," na penye sahihi nikaambatisha barua ya mtaa. Fomu ilirudishwa mara mbili kwa vitu vidogo, mara ya tatu nikaishika mkononi mwangu ofisi kwa ofisi. Ilichukua miezi miwili. Kibali nikakitia kwenye nailoni ngumu, nikatoboa tundu, nikakifunga kamba ya kuvaa shingoni, nikampelekea.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea yote mpaka mhuri. Alinifanya nirudie penye jina lake.

Jumamosi tukatoka wote, mie na yeye, kapu mkononi na kibali kifuani. Nilitaka watu watuone pamoja. Nyumba ya kwanza mtoto akatoka akasema mama hayupo, na mama tunamsikia ndani anakohoa. Nyumba ya pili wakasema rudini mwisho wa mwezi. Ya tatu wakasema tumeshatoa msikitini. Kila mahali salamu ilikuwepo, shikamoo bibi, karibu bibi, na mlango umeshikwa kwa mkono. Kuna waliotia, msidhani wote walikataa. Walitia haraka, kama mtu anayelipa kitu ili aondokewe.

Tukafika kwa Mama Zuhura. Huyu mumewe alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na alipokufa nyumba haikuwa na kitu. Sanda yake ilitoka kwenye lile kapu. Hilo Bi Salha hakuniambia, nililisikia baadaye kwa Shabani. Mama Zuhura akakiomba kibali. Bi Salha akakivua shingoni akampa. Akakisoma mbele, akakigeuza nyuma, akakiinua kwenye mwanga kama noti.

"Ni cha kweli," nikasema. "Nimekishughulikia mie mwenyewe."

"Sikatai," Mama Zuhura akasema. "Ila siku hizi hata vibali wanafoji. Na maafisa wengine ndio wanashirikiana nao."

Mie nikafungua mdomo. Bi Salha akanigusa mkono ninyamaze. Akapokea karatasi yake, akasema, "Ahsante mwanangu, nisalimie Zuhura," tukatoka. Alitembea mpaka kwake bila kugonga mlango mwingine. Alipofika akalitundika kapu kwenye msumari wa ukutani na kibali juu yake, akaniuliza kama nitakunywa chai. Tukanywa chai. Tangu siku hiyo hakutoka tena.

Nyie mtaniuliza, kwani kuna ubaya gani mtu mzima akipumzika. Nami nilijiambia hivyohivyo kwa miezi kadhaa. Wanawe wa kike wawili walikufa wadogo, hana mtu wa kumlea isipokuwa mtoto wa kaka yake aliye Tanga, nikawa namtembelea kila nikipita. Tulizungumza mengine.

Kisha akafa Bakari. Alikuwa mpagazi sokoni, mtu wa Liwale, amepanga chumba si mbali na msikiti ule ule. Aliugua ghafla, majirani wakamfikisha hospitali, akafia huko. Simu yake ilikuwa na namba ya siri, na hakuna aliyejua jina la kijiji chao. Faili lilikuja ofisini kwetu likaenda kwa mwenzangu, akafuata utaratibu wote: siku za kusubiri ndugu zikahesabiwa, hakuna aliyejitokeza, manispaa ikazika. Mie nilipata habari asubuhi ya mazishi. Nikaenda.

Tulikuwa watu watano makaburini pamoja na wachimbaji. Alikuwepo mwenye nyumba wake, mzee wa makamo, kofia mkononi. Alisimama karibu na mie. "Zamani ningeenda kwa yule bibi Mwarabu," akaniambia polepole, hanijui mie ni nani. "Lakini nilisikia walimkamata, nikaogopa kujiingiza."

Bakari alizikwa na shuka la hospitali. Shekhe aliyekuja kumzika mtu mwingine upande wa pili ndiye aliyeombwa amswalie. Yote haya nilikuwa nayaona, na simu ilikuwa mkononi mwangu, na Bi Salha ana kisimu chake kidogo cha kupokelea. Ningempigia. Niliona haya. Nikajiambia kaburi limeshachimbwa, gari la manispaa linasubiri, tusiwacheleweshe watu. Ndivyo nilivyojiambia.

Kesho yake nikaenda kwake. Alikuwa ameshasikia kwamba kuna mtu wa mtaa amezikwa.

"Walimvika nini?" akaniuliza.

Nilifikiria kumdanganya. Angejua, angeniuliza sanda ilikuwa ya mapande mangapi. "Shuka la hospitali, Bi."

Akanyanyuka akaingia chumba cha mbele. Nilimsikia anafungua nailoni. Akarudi na lile jora jeupe amelikumbatia, akaliweka mkekani kati yetu.

"Lilikuwepo humu," akasema. "Jana lilikuwepo, juzi lilikuwepo. Kutoka kwake mpaka hapa ni nyumba ngapi? Kwa nini hakuna aliyekuja?"

Nikapiga magoti pale mkekani, mwanamke mzima, afisa wa serikali, nikamwomba msamaha. Nilikuwa sijawahi kuuomba. Nilikuwa nimeshughulikia kibali, nimeongea na mafundi, nimetembea naye, nimekunywa chai yake, lakini neno lenyewe sikuwa nimelisema.

Akaniinua. "Nilishakusamehe siku ileile, mwanangu. Ulikuwa kazini." Akaanza kulikunja jora upya, polepole, akilainisha kwa kiganja. "Lakini mie si mtaa."

Ndiyo maana nawaandikia. Mkikutana na mtu ana kapu au sanduku, au siku hizi ana namba ya simu kwenye bango, mwulizeni kibali, ni kazi yenu na ni haki ya wanaochangia. Matapeli wapo, mie wamenila. Lakini akiwaambia twende nyumbani nikueleze, nendeni. Mkatalieni huko ndani mkiona hafai, mchukueni hata kapu, ila iwe ndani. Mkishamsimamisha mbele za watu, hata mkija kugundua ni mkweli, hamna ofisi ya kwenda kumrudishia.

Mtoto wa kaka yake alikuja kumchukua mwishoni mwa mwaka ule, ampeleke Tanga akaishi nao. Nilienda kumsaidia kufunga vitu. Vilikuwa vichache. Jora la kitambaa alimkabidhi imamu wa msikiti. Kapu akalitia ndani vikombe vyake ili visivunjike. Kijana alipokuwa anapakia mizigo kwenye gari, Bi Salha akakitoa kibali msumarini, kiko ndani ya nailoni yake na kamba yake, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Muda wake haujaisha," nikamwambia. "Chukua tu, Bi, ni chako."

"Jina langu limo humu?"

"Limo."

Akayatazama yale maandishi asiyoweza kuyasoma, kisha akakitia mkononi mwangu. "Kaa nacho wewe," akasema. "Huko niendako hawajui kama niliwahi kukihitaji."